Duka la mtandaoni limevujisha data za wateja: fidia inadaiwaje Kenya?

Kipepeo_Likoni

Wadau, naomba hatua kamili, si maneno ya "tafuta wakili" pekee.

Duka moja la mtandaoni limewaandikia wateja barua pepe likikiri kwamba mtu asiyeidhinishwa aliingia kwenye mfumo wake. Zilizotoka ni jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, mahali pa kupelekewa mzigo na orodha ya oda. Nywila na PIN wanasema hazikuguswa. Barua ina aya nne, haina tarehe ya tukio, na inamalizia kwa kuwaomba wateja "wawe makini". Tangu hapo simu za matapeli haziishi, na kuna pesa zimekwenda.

Maswali:

1. Anayelipa fidia ni nani, na mlango wa kwanza ni upi? Kamishna wa Data, polisi au mahakama?
2. Ushahidi gani unakubalika? Kampuni itasema matapeli walipata nambari kwingine.
3. Ikitozwa faini, wateja wanagawiwa?
4. Lazima kuwe na hasara ya pesa, au kule kuvuja kwenyewe kunatosha?

---

Karani_wa_Faili

Naanza na la tatu kwa sababu ndilo linalopotosha wengi. Faini na fidia ni vitu viwili. Faini Kamishna anaitoza kampuni, na kikomo chake ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kile kilicho kidogo. Hata senti moja haimfikii mteja. Septemba 2023 Mulla Pride, wenye programu za mikopo za KeCredit na Faircash, walitozwa 2,975,000, klabu ya Casa Vera 1,850,000 na Roma School 4,550,000. Watu wakasoma hizo habari wakadhani wenye data wametajirika. Hapana.

Fidia iko kwenye kifungu cha 65 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Aliyepata madhara kwa sababu sheria hiyo imekiukwa analipwa na mdhibiti wa data au mchakataji. Mdhibiti ndiye aliyeamua data zikusanywe na kwa kazi gani, yaani hilo duka. Mchakataji ni yule aliyepewa kibarua, mfano kampuni ya kusafirisha mizigo au ya kutuma meseji. Wewe wako ni duka. Wakikwambia "aliyevuja ni kontrakta wetu", hilo walimalize wenyewe. Mchakataji unamdai pale tu alipovunja wajibu wake mwenyewe au alipokwenda kinyume na maagizo halali ya mdhibiti.

Swali la nne: madhara kisheria ni hasara ya pesa na pia madhara yasiyo ya pesa, na dhiki ya moyo imetajwa humo kwa jina. Kwa hiyo si lazima uwe umeibiwa. Ila soma vizuri, sheria inalipia *madhara*, hailipii kuvuja. Ukienda na hoja moja tu, "data zangu zilitoka", unaweza kupata uamuzi kwamba kampuni ilikosea na usipate shilingi.

Sasa hatua.

Kabla ya Kamishna, iandikie kampuni. Hii si adabu tu. Barua hii ndiyo itakayokupa ushahidi ambao huwezi kuupata kwingine. Kifungu cha 26 kinakupa haki ya kuziona data zako walizonazo, na Kanuni za 2021 zinawapa siku 7 kukujibu, bila malipo. Tuma kwa anwani ya afisa wa ulinzi wa data iliyo kwenye sera yao ya faragha, nakala kwa huduma kwa wateja, kutoka barua pepe ileile uliyofungulia akaunti. Kitu kama hiki:

> Kwa Afisa wa Ulinzi wa Data. Mimi ni mteja wenu mwenye akaunti iliyosajiliwa kwa nambari hii ya simu. Kwa mujibu wa kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, naomba: (a) nakala ya data zangu zote mlizonazo, jinsi zilivyoandikwa, (b) mnithibitishie kama rekodi yangu ilikuwa miongoni mwa zilizofikiwa, na ni vipengele gani, (c) tarehe tukio lilipoanza, lilipogunduliwa, na lilipofungwa, (d) tarehe mliyomjulisha Kamishna wa Data, (e) majina ya wote mliowapa data zangu katika miezi 12 iliyopita. Naomba jibu ndani ya siku 7.

Kipengele (d) kina sababu yake. Kifungu cha 43 kinamtaka mdhibiti amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu ajue, pale ambapo kuna hatari halisi ya mteja kudhurika. Mchakataji ana saa 48 kumjulisha mdhibiti. Mteja naye aandikiwe, na barua iseme aina ya uvujaji, hatua zilizochukuliwa, ushauri wa kujikinga na mawasiliano ya afisa wa ulinzi wa data. Barua ya aya nne isiyo na tarehe inaonekana imekosa baadhi ya hayo, na kukosa huko ni ukiukaji unaojitegemea. Kama walikaa miezi miwili kimya na wizi wako ukatokea ndani ya hiyo miezi miwili, umepata kiungo kizuri sana: ungejulishwa mapema ungefunga laini.

Tahadhari moja. Kampuni haidaiwi kumjulisha mteja ikiwa ilishaweka kinga za kutosha, kama kufumba data kwa msimbo. Wengine hukimbilia hapo. Lakini wao wamekwisha kukiri kwamba majina na vitambulisho vilisomeka, kwa hiyo mlango huo wameufunga wenyewe.

Siku 7 zikipita kimya, au wakikujibu porojo, peleka lalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ni bure. Fomu iko kwenye tovuti ya odpc.go.ke, au unaweza kwenda kwa miguu. Mbali na makao makuu Nairobi kuna ofisi Mombasa, Kisumu na Nakuru. Sheria inaruhusu hata lalamiko la mdomo, wao wakaliandika. Mlalamikiwa hupewa siku 21 kujibu, na lalamiko zima linatakiwa kukamilika ndani ya siku 90. Mwishoni Kamishna anaweza kutoa amri ya utekelezaji, faini, kupendekeza mashtaka, kulitupa lalamiko, au kuamuru ulipwe fidia. Hiyo ya mwisho usiposema unaitaka, usishangae uamuzi ukitoka bila kuigusa. Andika wazi kwenye sehemu ya maombi: fidia chini ya kifungu cha 65, kiasi fulani, kwa mchanganuo ulioambatishwa.

Na hizo siku 90 zitie kwenye kalenda. Mahakama Kuu imewahi kubatilisha uamuzi wa Kamishna kwa sababu ulitoka baada ya muda huo. Mlalamishi alikuwa ameshinda, akarudi sifuri bila kosa lake. Siku ya 60 andika kuuliza faili limefika wapi.

Polisi ni sambamba, wala si badala. Ukiibiwa, chukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) siku hiyohiyo. Mahakama ije baadaye: aidha kukata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 30, au pale kampuni inapokaidi kulipa. Ukienda mahakamani moja kwa moja, jambo la kwanza mawakili wao watakalosema ni kwamba umeruka ngazi.

---

Waya_Mwembamba

Karani amemaliza sheria, mimi nijaze swali la pili, maana kesi hizi hufia hapo. Tatizo si kuonyesha umepigiwa na tapeli. Kila Mkenya anapigiwa na tapeli. Tatizo ni kuonyesha tapeli *huyu* alikuwa na kitu ambacho kilikuwa kwenye lile duka tu.

Tafuta alama. Zenye nguvu kuliko zote ni makosa. Kama akaunti yako kule iliandikwa "Mwanaish" badala ya Mwanaisha, na meseji ya tapeli ikaja na "Habari Mwanaish", hiyo peke yake ina uzito kuliko kurasa kumi za malalamiko. Ndiyo maana kwenye barua ya Karani pana "jinsi zilivyoandikwa". Unataka wao wenyewe wakuletee nakala yenye kosa lile lile. Alama nyingine: nambari ya oda, bidhaa uliyonunua, jengo ulilotoa kama mahali pa kupokelea mzigo (hasa kama si kwako, mfano ofisi au kwa jirani), laini ya pili unayoitumia kwa ununuzi tu. Wanaotumia barua pepe yenye alama ya kujumlisha, jina+duka@, hao wana bahati: anwani hiyo haipo kwingine duniani.

Fungua daftari la matukio leo. Mstari mmoja kwa tukio moja:

> 14/3, saa 4:17 asubuhi. Simu, nambari inayoishia 882. Dakika 3. Alitaja jina langu kamili, blenda niliyonunua na "stegi ya pili Likoni". Aliomba nimtajie tarakimu za kuthibitisha mzigo.

Ukiandika "napigiwa simu sana tangu Machi", hujaandika kitu.

Kuhusu picha za skrini: ziwe nzima, zenye saa, tarehe na nambari juu. Wengi hukata picha ibaki maneno matamu tu, halafu mtu anauliza ilitoka wapi. Meseji zenyewe usizifute hata baada ya kuzipiga picha, na simu usiiweke upya wala kuiuza. Kesi ikifika mahakamani, ushahidi wa kielektroniki unahitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: nani alizitoa, kwa kifaa gani, kwa njia gani. Mtu huyo ni wewe, na kifaa ni hiyo simu. Barua pepe ya kampuni ihifadhi kama faili nzima, pamoja na vichwa vyake vinavyoonyesha njia iliyopitia. Kuituma mbele kwa rafiki kunapoteza vichwa hivyo.

Pesa iliyokwenda kwa M-Pesa: toa stetimenti rasmi kupitia *334#, ile ya PDF, usitegemee meseji. Weka alama kwenye muamala husika na uandike pembeni nambari ya tukio kwenye daftari lako.

Halafu jikinge, kwa sababu kampuni itauliza ulifanya nini baada ya kuonywa:

- *106# kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, piga picha kabla hujaiondoa.
- Kwa laini ya Safaricom, *100*100# huzuia laini yako kubadilishwa na mtu mwingine.
- Ripoti ya CRB, yaani shirika linalotunza rekodi za mikopo ya watu. Una haki ya moja bure kila mwaka, na mashirika hayo ni matatu (TransUnion, Metropol, Creditinfo), kwa hiyo ichukue kwa yote. Nambari ya kitambulisho ikishatoka, mikopo midogo ya simu ndiyo huja kwanza, na unaweza kuijua baada ya miezi.

Ripoti hiyo ikiwa safi leo, itunze. Mkopo ukichipuka mwezi wa nane, utaonyesha haukuwepo mwezi wa tatu.

---

Bwana_Hapana

Mnampa mtu matumaini bure. Hizi kampuni zina mawakili, Kamishna ana mafaili maelfu, na mwisho unapewa elfu mbili na barua ya pole. Na mteja akishampa tapeli PIN mwenyewe, kesi imekwisha.

---

Karani_wa_Faili

Ndugu, la PIN si dogo, ila halimalizi kesi. Hoja ya kampuni itakuwa kwamba mlolongo ulikatika pale mteja alipotoa tarakimu. Jibu ni kwamba alizitoa *kwa sababu* mpigaji alijua oda, bidhaa na stegi, na yote matatu yalitoka kwao. Na kifungu cha 65 kinamuondolea kampuni dhima pale tu inapothibitisha haihusiki kwa namna yoyote na tukio. Kuthibitisha ni juu yake. Kampuni iliyokiri kwa maandishi kwamba mfumo wake uliingiliwa itapata tabu kufika hapo. Ninachokubali ni kwamba kiasi kinaweza kupunguzwa. Ndiyo maana ile mistari ya daftari inayosema mpigaji *alitaja nini kwanza* ina kazi kubwa.

Kinachoangusha malalamiko mengi si mawakili. Ni vitu vya kawaida kabisa:

Jina la mlalamikiwa. Jina kwenye bango si lazima liwe jina la kampuni. Tazama masharti ya matumizi chini ya tovuti, risiti yenye PIN ya KRA (nambari ya mlipakodi), na jina linalotokea ukilipia till. Ukiona majina mawili, fanya upekuzi wa kampuni kupitia eCitizen. Kamishna pia ana rejista ya wadhibiti na wachakataji waliosajiliwa. Kama duka halimo na lilitakiwa kuwamo, litaje hilo kwenye lalamiko.

Kiasi cha kubuni. "Naomba milioni tano" ni sentensi inayofanya msomaji aache kusoma. Andika mchanganuo. Tuseme: pesa iliyotapeliwa 18,400, imeonyeshwa kwenye stetimenti ukurasa wa 2, kubadilisha laini na nauli za kituo cha polisi na benki, risiti zimeambatishwa, siku mbili za kazi zilizokatwa, barua ya mwajiri. Kisha dhiki ya moyo kando, na uieleze kwa mambo: simu za usiku, kuogopa kwa sababu anwani ya nyumbani iko mikononi mwa watu usiowajua, kumuona mshauri nasaha tarehe fulani. Karatasi ya zahanati au ya mshauri yenye tarehe ya baada ya uvujaji inasaidia kuliko vivumishi.

Kuchanganya mambo. Bidhaa ilichelewa, mhudumu alikuwa na kiburi, na data zikavuja. Chagua moja. Mengine yana ofisi zake.

---

Kipepeo_Likoni

Ahsanteni sana, kaka Karani na Waya. Limeongezeka jambo: leo wametuma vocha ya 1,500 ya kununulia dukani kwao, "kama ishara ya kuthamini uvumilivu wako". Kuikubali kunaharibu madai?

---

Karani_wa_Faili

Inategemea maandishi madogo. Usibonyeze "Pokea" kabla hujasoma masharti yaliyofungwa kwenye kiungo hicho. Tafuta maneno ya aina hii: malipo kamili na ya mwisho, kuachilia madai yote, mteja anakubali suala limefungwa. Yakiwemo, iache. Yasipokuwemo, bado ingekuwa salama kujibu kwa barua pepe kabla ya kuitumia: "Napokea vocha hii bila kuathiri haki yangu ya kudai fidia chini ya kifungu cha 65." Mstari mmoja, na umehifadhi nakala.

Piga picha ya ukurasa wa masharti leo. Masharti hubadilika.

Usichanganye vocha na usuluhishi wa kweli. Ukishapeleka lalamiko, Kanuni zinaruhusu pande mbili kukaa kwenye mazungumzo au upatanishi, na makubaliano yakitiwa saini yanahesabika kama uamuzi wa Kamishna. Hiyo ni njia nzuri, pengine ya haraka kuliko zote, kwa kampuni inayojali jina lake. Kwenye makubaliano dai vitu vitatu viandikwe: kiasi, tarehe ya kulipa, na kwamba data zako zitafutwa au zitabaki zipi na kwa nini. Watu hukazania pesa wakasahau kwamba jina na kitambulisho bado viko kwenye mfumo uleule uliovuja.

---

Mswahili_Ughaibuni

Naongezea jambo la Marekani kwa kuwa najua litakuja: kuna meseji zinazunguka kwamba "Wamarekani hulipwa dola 125 bila ushahidi, na sisi tudai hivyo".

Hiyo ni Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza rekodi za mikopo ya watu. Septemba 2017 walitangaza uvujaji uliogusa watu takriban milioni 147. Chanzo kilikuwa kasoro kwenye programu ya Apache Struts ambayo kiraka chake kilishatolewa Machi mwaka huo, na hawakukibandika. Mwaka 2019 wakakubali mfuko wa hadi dola milioni 425 kwa watumiaji. Magazeti yakapiga kelele ya dola 125 kwa kila mtu. Lakini sehemu iliyotengwa kwa malipo hayo ilikuwa milioni 31 tu. Gawanya kwa milioni 147: senti 21 kwa kila kichwa. Wadai walipofurika, ikabidi watangaziwe kwamba watapata kidogo sana kuliko 125, na kwamba huduma ya bure ya kufuatiliwa rekodi za mikopo ingewafaa zaidi.

Waliofaidi ni waliokuwa na karatasi. Hasara yenye risiti ililipwa hadi dola 20,000, na muda uliopotea kushughulikia tatizo dola 25 kwa saa, hadi saa 20. Ukidai zaidi ya saa 10 ulitakiwa uoneshe nyaraka. Mwisho wa kudai ulikuwa 22 Januari 2020.

Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza nayo ilikataa, katika kesi ya Lloyd dhidi ya Google, kulipa kila mtumiaji kiasi sawa bila kila mmoja kuonyesha alidhurika vipi. Kwa hiyo wazo la "tujiandikishe elfu kumi tugawane" lina mashaka hata huko lilikozaliwa.

---

Kisiki_cha_Mpingo

Mkuu, na sisi wa Bongo? Duka lenyewe linahudumia Dar na Arusha pia.

---

Karani_wa_Faili

Tanzania mna sheria yenu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika 1 Mei 2023, na mlango ni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Haki ya fidia imo. Msamiati wenu ni tofauti kidogo, kwa hiyo kwenye lalamiko andika "taarifa binafsi" na "mkusanyaji", usinakili "mdhibiti wa data" wa kwetu. Ushahidi aliousema Waya unafaa kulekule. Kamishna wa Kenya naye anahusika kama duka lina makao Kenya na linachakata data hizo likiwa Kenya. Kwa upande wa pili, kampuni ya nje inayochakata data za watu walioko Kenya haiponi kwa kusema haina ofisi Nairobi. Sheria yetu inaifuata.

---

Bwana_Hapana

Sawa, nirudi nyuma kidogo. Je, wateja 30 wa duka hilohilo wakiwa kwenye kundi la WhatsApp, kila mtu alalamike peke yake?

---

Waya_Mwembamba

Kila mtu faili lake, muda mmoja. Kamishna anaweza kuyaunganisha malalamiko yanayofanana dhidi ya mlalamikiwa mmoja, kwa hiyo hamkosi nguvu ya wengi. Lakini hasara haziunganiki: wa kwanza ameibiwa, wa pili ana mkopo wa uongo CRB, wa tatu ana simu za usiku tu. Mkiandika lalamiko moja lenye majina 30, wenye ushahidi mzito watavutwa chini na wasio nao.

Kundi lina kazi nyingine, na ni kubwa. Linganisheni madaftari. Watu 30 wasiojuana, wote walinunua duka lile, wote wamepigiwa wiki ileile na mtu anayetaja nambari ya oda: hapo hoja ya "walipata kwingine" inakauka. Tengenezeni jedwali la safu nne (herufi za jina, tarehe ya oda, tarehe ya simu, alichotaja) na kila mmoja aliambatishe kwenye faili lake. Vitambulisho na nambari kamili za simu msivimwage kwenye kundi. Itakuwa kuvujisha mara ya pili, tena kwa mikono yenu.

Na jihadharini na "wakala" atakayeingia kundini akisema anakusanya 500 kila mtu ya kufungulia faili. Lalamiko halilipiwi. Orodha ya wateja waliokwisha kuvuja ndiyo soko la huyo mtu: anajua mna hasira na anajua mlinunua nini.

---

Kipepeo_Likoni

Barua ya siku 7 nimeituma asubuhi, nakala ninayo. Swali la mwisho: wamejibu papo hapo wakitaka nipige picha ya kitambulisho mbele na nyuma pamoja na selfi "ili kuthibitisha mwenye akaunti". Niwape?

---

Waya_Mwembamba

Kampuni iliyopoteza kitambulisho chako juzi inaomba picha yake leo. Kuthibitisha wewe ni nani wana haki, ila kwa kiasi kinachohitajika. Wajibu kwamba unaandika kutoka barua pepe iliyosajiliwa, na uwaombe watume tarakimu kwenye simu iliyosajiliwa uzirudishe kwa barua pepe. Hiyo inatosha. Wakishikilia picha, funika kila kitu isipokuwa jina na tarakimu tatu za mwisho, na uandike juu ya picha yenyewe: "Kwa ombi la data pekee", jina la duka, tarehe.

Kabla ya yote hayo, hakikisha barua hiyo imetoka kwao kweli. Tazama anwani iliyotuma herufi kwa herufi, na usibonyeze kiungo. Ingia kwenye akaunti yako kwa kuandika anwani ya duka mwenyewe.

---

Karani_wa_Faili

Na hesabu siku 7 kuanzia asubuhi ya leo walipoipokea ile barua yako, si siku utakayowathibitishia. Waambie hivyo kwenye jibu hilohilo.